Filamu ya Mzamiaji Isiyokuwa na Maji

Ujinga wangu nauweka mbele kabisa ili msipate taabu ya kuutafuta. Nilisimama katikati ya filamu, mchana kweupe, ukumbi umejaa na askari wamekaa benchi la nyuma, nikamwambia kaka yangu aliyeshika mikrofoni kwamba anadanganya. Sikuwa nimekunywa kitu. Sikuwa na malaria. Nilikuwa nimekasirika tu kwamba filamu ile haikufanana na mchezo wa video ilikotoka.

Ukumbi wenyewe ulikuwa Rugenge, mtaa wetu kando ya ziwa: nyumba ya matofali mabichi na mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia ya mahindi ili jua lisiingie. Mwenye ukumbi alikuwa mfanyabiashara Mwislamu. Babu zake walifika ziwani zamani wakiuza vitambaa na chumvi, na yeye akatuuzia sisi giza. Ndani mlikuwa na televisheni moja yenye mgongo mkubwa kama mama mwenye mimba ya mapacha, deki ya kaseti, na jenereta iliyofungwa mnyororo nyuma ya choo ili wezi wanaoitaka wavumilie kwanza harufu. Kaseti zilitoka Bujumbura. Zilikuja kwa Kiingereza, kwa Kichina, na mara moja kwa lugha ambayo hata padri aliyesoma Ulaya hakuitambua.

Kwa hiyo kila ukumbi mjini kwetu ulikuwa na mtafsiri. Anakaa pembeni ya televisheni, sauti ya filamu inapunguzwa, yeye anasema kila kitu kwa Kiswahili: mume, mke, mtoto, polisi, na mbwa akibweka anabweka yeye.

Mtafsiri wetu alikuwa kaka yangu. Kiingereza hakukijua. Kichina hakukijua. Kifaransa alikiacha shuleni pamoja na masomo mengine. Alichofanya ni kutazama midomo na kutunga. Kartier nzima, mtaa wote, ilijua kwamba anatunga, na ndiyo maana ilijaa ukumbini. Watu walirudi kutazama filamu ileile wiki nzima kwa sababu kila siku jambazi alikuwa na sababu mpya ya kuiba. Leo ameiba kwa sababu mkwe wake kule Luvungi amekataa mbuzi aliyekonda. Kesho ameiba kwa sababu pikipiki yake imekamatwa na polisi wa barabarani. Wazungu walipobusiana, kaka yangu alimfanya mwanamke aulize kama muhogo umeshaanikwa. Wamama walilia kwa kucheka.

Kazi hiyo haikuwa mchezo, na hapa ndipo mnisikilize. Ilikuwa miaka ya vita, na mji ulikuwa mikononi mwa wenye bunduki ambao hatukuwaita wala hatukuwachagua. Walikuwa na vita vyao huko juu, milima ya Bijombo, na milimani gari haliendi. Risasi, mchele, magodoro ya wakubwa, vyote vilipanda kwa vichwa vya vijana. Walipita asubuhi, wakaingia nyumba moja baada ya nyingine, wakachukua wenye mabega. Waliorudi walirudi na shingo zilizochubuka kama mbuzi aliyeanza kuchunwa. Wasiorudi, mama zao walizunguka stendi ya magari ya Bukavu wakiuliza kila abiria.

Kaka yangu alikuwa na mabega mazuri kuliko wote wa njia yetu. Hawakumgusa. Komanda wa mji alipenda filamu, akapenda sauti yake, akawaambia watu wake: yule wa filme mumuache. Ndiyo hivyo tu. Hapakuwa na karatasi, hapakuwa na muhuri. Shingo ya kaka yangu ilitegemea koo lake, na koo lake lilitegemea tangawizi ya mama.

Mama aliuza sokoni ndagala wakavu, dagaa wa ziwa letu. Baba alikuwa amevuka ziwa kwenda Kigoma mwanzoni mwa vita, akasema atatuma habari. Labda bado anaiandika. Mama hakumzungumzia. Alizungumzia koo. Kila asubuhi alimchemshia kaka yangu tangawizi na sukari, akakaa akamtazama mpaka amalize, kama daktari. Akikohoa mara moja, nyumba nzima inasimama. Mimi nilipokohoa niliambiwa niache maigizo niende masomo.

Basi nilikuwa na wivu. Niliseme na hilo, lipite.

Sasa habari ya michezo na katuni zilizogeuzwa filamu, maana hiyo ndiyo elimu yangu ya kweli. Maktaba ya mapadri ilikuwa na katuni za Kifaransa zilizopoteza majalada. Niliyoipenda ilikuwa ya mpeleka barua wa mlimani. Anapita theluji na punda wake, kurasa na kurasa, hasemi neno. Hakuna hata puto moja la maneno kichwani pake. Unayemsikia ni punda, na upepo, na wanaopokea barua wakilia au wakicheka. Siku moja filamu yake ikaletwa ukumbini. Asubuhi yake kaka yangu aliniuliza, mdomo uko ndani ya kikombe, akiniita leki, mdogo wake, kama siku zote:

"Leki, yule muntu wa barua, mu kitabu iko anasema?"

"Hasemi."

"Hata kidogo?"

"Hata akianguka."

"Basi minye sitamusemesha."

Na hakumsemesha. Alifanya upepo. Alifanya punda, punda mwenye malalamiko yake yote ya kazi. Mpeleka barua alipotokea, mikrofoni ilinyamaza, na ukumbi ule wa watu wanaotafuna karanga na kutukanana ukanyamaza pia. Mwanamke mmoja alipofungua barua ya mwanawe, kaka yangu hakuisoma. Alipumua tu kwenye mikrofoni. Ile ndiyo filamu pekee nzuri iliyotoka kwenye katuni ambayo nimewahi kuiona, na nusu yake haikuwa kwenye kaseti.

Mbaya nilishaona nyingi. Kulikuwa na ya shujaa anayeruka. Kwenye katuni anaruka kama ndege, kwenye filamu unaiona kamba mgongoni na unamwonea huruma kama kuku anayepelekwa sokoni. Kulikuwa na ya mchezo wa magari, ambamo wenye filamu walisahau magari wakatuonyesha watu mezani wakizungumzia talaka. Kaka yangu aliziokoa zote. Yule wa kamba, aliwaambia watazamaji, ni mjomba aliyetundikwa na deni lake. Watu wakasahau kuchukia.

Mimi sikusahau. Mimi ni yule mtoto anayemkatiza padri kumwambia amesoma Injili ya Jumapili iliyopita.

Na mchezo wa mzamiaji ulikuwa wangu. Kinyozi wa njiani alikuwa na televisheni ndogo na mashine ya michezo, na tulimfagilia nywele za watu ili atuache tucheze. Mzamiaji anashuka kwenye mji uliozama. Milango, ngazi, kanisa lenye samaki ndani. Pembeni ya kioo kuna mapovu, na mapovu ndiyo hewa yako. Yakipungua, kioo kinaanza kuwa cheusi kutoka pembeni, na unasikia moyo wa mzamiaji, na bila kujua na wewe umebana pumzi. Sisi ni watoto wa ziwa. Kila mmoja wetu anamjua mtu aliyeshuka asipande. Kijana mmoja wa darasa letu alibana pumzi mpaka akaanguka juu ya mteja aliyenyolewa upande mmoja, mteja akaenda kazini hivyo hivyo akiwa na hasira. Mchezo ule ulikuwa hewa. Ukitaka kuufanya filamu, tupa kanisa, tupa samaki, tupa hata mji. Hewa usiitupe.

Kaseti ya filamu ya mchezo huo ilipofika, mjini hakukuwa na habari nyingine. Asubuhi ya siku ile kaka yangu aliniuliza kama kawaida yake.

"Leki, huu muchezo unaendaje? Watoto wa kinyozi watajaa leo."

"Utaona mwenyewe."

"Niambie mwanzo na mwisho tu."

"Weye si mutafsiri? Tafsiri."

Mama aliinua uso kutoka kwenye sufuria. "Mwambie yaya yako, yeye ndiye mukubwa."

"Aende kwa kinyozi acheze kama wengine. Minye nimefagia nywele miezi mingapi, yeye anakunywa sukari."

"Mwache, mama," kaka yangu akasema, akicheka. "Nikikosea atanikosoa."

Nikamkosoa.

Watoto wote wa kinyozi, sisi wafagiaji wa nywele, tulikaa chini, mbele kabisa, kwenye mkeka. Nyuma walikaa askari na bunduki kati ya magoti, pamoja na wale wa umri wangu tunaowaita kadogo, na katikati yao komanda kwenye kiti chake cha plastiki. Alikuwa mtu mwembamba, mpole wa sauti, aliyetoka mbali na kwetu. Lazima mjue kitu kimoja kuhusu yeye. Miezi kadhaa kabla ya hapo ilionyeshwa filamu ya vita yenye jenerali mnene, na jenerali huyo, kwa sauti ya kaka yangu, aliwaambia maadui: "Muntu asisimame mbele yangu wakati minye nimekaa." Komanda alilipenda neno hilo sana. Alilisema kwenye gwaride. Alilisema kwenye kizuizi cha barabarani. Alimwambia mkuu wa kartier, na mkuu wa kartier akakaa kwenye vumbi na suti yake. Komanda aliamini ni maneno ya jenerali wa Kizungu, jenerali wa kweli kabisa aliyeshinda vita vyake. Yeye peke yake mjini aliamini kwamba mtafsiri anatafsiri.

Neno lile lilikuwa la mama yetu. Alituambia hivyo kila jioni tukizunguka sufuria yake, yeye yuko kwenye kigoda, anachochea moto, sisi tunamzibia mwanga. Siku aliposikia askari akilirudia sokoni, alirudi nyumbani akashika nguzo ya mlango kwa kucheka.

Filamu ikaanza. Mzamiaji akatokea juu ya pikipiki, jangwani. Nikasubiri maji. Akaingia mjini, mji mkavu kama mkate wa juzi. Nikasubiri. Akaingia baa, na pale mezani palikuwa na glasi ya maji, na hakuinywa. Ndiyo maji yote ya filamu ile. Watoto wa mkekani walianza kugeukiana.

Kaka yangu aliona nyuso zetu. Akasafisha koo, kama alivyofanya akitaka kupanda mlima.

"Munamuona huyu? Ni muzamiaji. Sasa mutauliza, maji iko wapi. Maji imeisha. Iko mufalme mumoja muroho, alipiga goti kwa ziwa asubuhi, akakunywa mpaka samaki ya mwisho."

Ukumbi ukacheka. Kwenye kioo akatokea mwanamume mwenye tumbo, na kaka yangu akasema, taratibu: "Munaona ziwa iko wapi." Basi, ilikwisha. Kila tumbo lile lilipotokea, watu waliguna kama wanasikia mawimbi. Mzamiaji alikuwa anatafuta namna ya kumpasua mfalme ili watu wa pwani wapate tena samaki. Akibusu mwanamke, anambusu kwa sababu ana kiu. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kuliko filamu na, sasa nalimeza hili, nzuri kuliko mchezo.

Lakini sikutaka nzuri. Nilitaka ya kwetu, ile niliyoifagilia nywele. Nikasimama.

"Anadanganya huyo. Muchezo hauna mufalme."

"Kaa," mtu akasema.

"Hauna mufalme, hauna pikipiki. Anatunga tu. Hata hajawahi kucheza."

Kaka yangu hakuacha mikrofoni. "Musimushangae huyu. Ni muzamiaji mwenzake, hewa imemupungukia kwa kichwa."

Wakanicheka mimi. Na watoto wa kinyozi wakacheka, wasaliti wale. Masikio yakaniwaka moto. Nikasema kwa nguvu kwamba mtafsiri gani anayeogopa kuulizwa, na nyuma kabisa nikasikia sauti ile ya upole:

"Wewe mtoto. Mchezo huu unaujua?"

"Naujua, afande."

"Basi mpeni mikro. Tusikie wa kweli."

Kaka yangu akanipa. Alipokuwa ananipa, alifunika kichwa cha mikrofoni kwa kiganja, akaniambia chini chini: "Piga filme tu. Kitu kingine usiseme."

Nikaanza na ukweli. Nikaeleza mapovu. Nikaeleza kanisa na samaki, na kioo kinavyokuwa cheusi. Ila kwenye televisheni mtu alikuwa anakula nyama choma na mwanamke anavua viatu, na maneno yangu yalipita juu yao kama mahubiri juu ya harusi. Watu wakaanza kupiga miayo. Mzee mmoja akauliza kama kuna mtu anaweza kumrudisha mfalme. Nilikuwa nazama, mbele ya watu wote, kwenye filamu isiyokuwa na maji.

Anayezama hushika kilicho karibu. Nikamshika kaka yangu.

Nilisafisha koo kama yeye. Kile kikohozi chake kidogo, mara mbili, na cha tatu kirefu. Ukumbi ukaamka. Nikafanya sauti yake ya mwanamke, ile inayopanda puani. Nikafanya mbwa wake. Nilikuwa naijua sauti yake kuliko ninavyoijua yangu. Nililala nayo chumba kimoja tangu nizaliwe. Wangefumba macho, nadhani wasingejua nani anaongea. Wakapiga mabenchi kwa mikono. Ndipo, kwa sauti hiyohiyo ya kaka yangu, nikasema:

"Sasa huyu Muzungu anasema nini? Minye sijui. Kiingereza sijui, Kichina sijui. Ngoja nikumbuke mama alinigombeza nini asubuhi, nimupatie jenerali." Nikavimbisha tumbo. "Muntu asisimame mbele yangu wakati minye nimekaa."

Kicheko kilianza kikubwa mbele, kikafika katikati, kikafa. Watu walikuwa wamekumbuka nani mwingine analisema neno hilo.

"Rudia," komanda akasema.

Nikarudia. Nikaliboresha hata, nikaongeza kigoda.

Komanda akamgeukia kaka yangu. "Maneno hayo ni ya nani?"

"Ni ya filme, afande. Ya jenerali."

"Na wewe unasemaje?"

Hapo mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningesema filme, tungekwenda nyumbani. Lakini ukumbi wote ulikuwa unanitazama mimi, na ulikuwa bado haujamaliza kucheka. Niliona kicheko kwenye mashavu yao kimekaa kinasubiri.

"Ni ya mama yetu, afande. Anatuambia tukizunguka sufuria ya bugali."

Kadogo mmoja akacheka kwa pua. Halafu mwingine. Halafu komanda mwenyewe akacheka, akapiga goti lake kwa kofia. "Kumbe naongoza jeshi na maneno ya mama wa sufuria," akasema. Alipocheka, ukumbi mzima ulipata ruhusa, na mimi pale mbele nilikuwa mfalme aliyekunywa ziwa. Akapunga mkono. "Maliza filme, mtoto."

Nikaimaliza. Niliimaliza vizuri sana. Kaka yangu alikaa chini kwenye mkeka, mahali nilipotoka mimi, akatazama.

Njiani kurudi hakunigombeza. Alitembea mikono mfukoni, jua bado liko juu ya milima, na karibu na nyumbani akasema: "Mbwa ulimufanya vizuri. Ila usipumue kabla ya kubweka. Mbwa hapumui kwanza." Hayo ndiyo maneno yote.

Mama alikuwa ameshaambiwa. Alikuwa anafunga nguo za kaka yangu kwenye kitenge ili alfajiri aondoke kwenda kwa shangazi yetu Luvungi. Hakunitazama. Nilimtania kwamba sasa yeye ni jenerali, apigiwe saluti. Akaendelea kufunga.

Walikuja kabla ya alfajiri kwisha, askari watatu na yule kadogo wa pua. Kaka yangu alikuwa uani ananawa uso. Hawakumpiga. Walikuwa na televisheni ya ukumbi. Walishapita kwa mwenye ukumbi kwanza.

"Komanda anapanda Bijombo," mmoja akasema. "Anahitaji wa kubeba televisheni, na wa kuisemea. Amesema wewe unaweza vyote viwili."

"Kuna yule mudogo wake," kadogo akasema, akinionyesha. "Naye anaisemea."

"Huyo mabega hana."

Mama akatoa kikombe cha tangawizi. Askari akakichukua, akakinywa yeye, akamrudishia, akamshukuru vizuri. Wakampandisha kaka yangu televisheni kichwani, kioo kimetazama nyuma. Alipoondoka, ndani ya kile kioo cheusi niliona ua wetu, na mama, na mimi, tukiwa wadogo, tukizidi kuwa wadogo, mpaka kona.

Nilikwenda masomo. Mlitaka niende wapi? Pale walinizunguka wakitaka niwafanyie sauti ya kaka yangu. Nikaifanya. Nilipewa karanga. Nilifanya mwanamke, nikafanya punda wa mpeleka barua, nikafanya jenerali na sufuria yake, na mwalimu wa jiometri aliyekuja kunitoa nje alisimama kwanza akasikiliza. Nilijiambia kwamba ninamtunzia nafasi yake. Ukumbi ulikuwa umefungwa, mwenyewe amekaa mlangoni na kofia yake nyeupe, mbele ya jenereta isiyokuwa na cha kuwasha. Nilipopita alitema mate, pembeni, kwa adabu.

Mama aliendelea kuchemsha tangawizi kila asubuhi. Alikiweka kikombe dirishani, na jioni akakimwaga. Sikuthubutu kukinywa, na mnajua mimi ni mtu wa kunywa visivyo vyangu.

Mvua zilikuwa zimeanza aliporudi fundi wa viatu, jirani yetu, aliyechukuliwa siku ileile. Alirudi bila viatu, yeye wa kututengenezea sisi. Alikaa uani, mama akampa maji, naye akaeleza akitazama miguu yake.

Huko juu, alisema, mafuta ya jenereta ya komanda yaliisha mapema. Televisheni ikabaki kioo tu. Komanda akasema haidhuru, mtafsiri tunaye. Kila alasiri wakaiweka juu ya sanduku la risasi, imezimwa, askari wamejipanga mbele yake kwenye baridi, na kaka yangu anakaa pembeni anasema filamu zote kutoka kichwani. Za jambazi wa Luvungi. Ya mzamiaji, waliiomba sana ya mzamiaji. Mfalme aliyekunywa ziwa. Mchana anabeba, alasiri anasema.

"Walicheka?" nikauliza.

Fundi akanitazama kwa mara ya kwanza. "Walicheka sana," akasema. "Komanda hakucheka. Yeye alimwuliza kila mara: hilo nalo ni la mama yako?"

Halafu baridi ikamshika kaka yangu kifua. Sauti ikapungua, ikawa kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi, ikaisha. Komanda akasema mtafsiri bila sauti ni mbebaji tu, na mbebaji anaweza kuongezewa mzigo. Wakamwongezea. Walipokuwa wanapanda kwenda kilima kingine alikaa chini, kwenye njia ya ng'ombe, televisheni iko pembeni yake. Wakamwambia simama. Hakusimama. Msafara ukaendelea.

"Ulisikia risasi?" mama akauliza.

"Sikusikia. Lakini mvua ilikuwa kubwa, mama. Ilikuwa inapiga juu ya masanduku."

"Watu wa ng'ombe wanapita njia ile?"

"Wanapita."

"Kila siku?"

"Wakati wa amani, kila siku."

Mama akamshukuru, akamfungia ndagala kwenye karatasi, akamsindikiza mpaka njiani kama mgeni yeyote. Alirudi akaketi kwenye kigoda chake, akamaliza kuchambua samaki waliobaki, wazima huku, waliovunjika huku. Akanawa mikono. Mimi nilikuwa mlangoni natafuta kitu cha kusema, na kichwani kilikuja kichekesho kimoja tu, kuhusu televisheni na ng'ombe, nikakibana na meno.

Ndipo aliponigeukia, akasema:

"Weye unajua sauti yake. Soko nzima imenihadisia namna ulivyoifanya, nikabaki ninapima samaki. Basi ifanye na hapa. Niite mama, kwa ile sauti yake, mara moja tu, nisikie. Ukisha kuniita, nyamaza, usiseme tena mu nyumba yangu mpaka yeye arudi."